Baridi ya Chepngetich

Wajukuu wangu wakija likizo, kabla ya chai huwa nawapa fumbo. Nawaambia: nina mtoto, nikimfunika analala, nikimfunua anakula. Wale waliokulia mjini wanataja mambo mengi, mara simu, mara paka kwa kikapu. Wale waliokulia jikoni kwangu hawasumbuki. Wanasema, "Kogo, hilo ni kaa la moto kwa jivu." Kogo ni nyanya, kwa lugha yetu.

Moto wa jiko langu ulikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wangu. Siku niliyoolewa hapa, chini ya Sosiot, mama mkwe alinipa kaa moja kwa kigae cha chungu akaniambia nilitunze. Tangu hapo kila jioni nilikuwa naufunika na jivu, asubuhi nafunua, napuliza, naweka vijiti, chai inachemka. Nimezaa watoto na moto huo. Nimemzika mzee wangu nao. Sijawahi kuomba kiberiti kwa mtu. Nasema haya mapema ndio mjue, siku niliyouzima, nilizima nini.

Chepngetich ni binti ya kijana wangu Kiptum, yule mwenye duka Sotik. Mimi ndiye nilimlea. Alipomaliza shule akapata kazi kwa kiwanda kimoja kipya, si hivi vya chai tunavyovijua. Wageni walikuwa wamekodi bohari ndani ya mashamba, wakitafuta njia ya kukausha majani bila kuni. Hapo sikushangaa, maana boila za chai zinakula miti kama vile ng'ombe anakula majani ya nepia, na milima yetu imebaki na upara.

Alirudi mwezi wa saba, ukungu umekalia shamba mpaka huoni mti wa jirani. Alikuwa amevaa sweta mbili na skafu. Nikamshika mkono kumsalimia, nikauachilia. Ulikuwa kama mkono wa mtu aliyeosha mikebe ya maziwa alfajiri.

"Kazi imekwisha, Kogo," akasema. "Wamefunga."

"Bila kuaga?"

"Mtu alikufa."

Nikamwekea kiti karibu na moto. Nikasubiri, maana ukimharakisha Chepngetich anafunga mdomo kama kibuyu chenye kifuniko. Mwishowe akaniambia kidogo. Walikuwa wanachomwa sindano shingoni, wawili wawili, kama maksai wa jembe moja. Mmoja anakaa chumba cha joto, mwenzake anakaa na trei za majani, na majani yanakauka bila moto wowote kuonekana. Aliyekufa alikuwa wa jozi nyingine.

"Alikufa na nini?"

"Baridi."

"Baridi, kwa kiwanda cha kukausha?"

"Ndio, Kogo."

Mimi niliona ni uongo. Na sikumuuliza yeye mwenyewe alikuwa anakaa wapi, kwa chumba au kwa trei. Hilo ndilo swali ningeanza nalo, lakini niliendelea kumimina chai.

*

Moto wa kwanza uliwaka pale tunapouzia majani. Kulikuwa na manyunyu, na magunia yote yalikuwa yamelowa. Karani wetu anaitwa Mageto, Mkisii mwembamba mwenye maneno. Kazi yake kabla ya kupima ni kuingiza mkono kwa gunia, kuangalia kama majani yamepata joto. Ukiyashindilia sana yanapata joto yenyewe na kugeuka mekundu, na yakiwa mekundu anakurudishia. Mekundu tu. Majani mabichi hayawaki.

"Mama, haya yako ni safi," akaniambia. "Baridi kama moyo wa mama mkwe wangu."

Watu wakacheka. Akaingiza mkono kwa gunia lililofuata, akapiga kelele, akauchomoa, na gunia likawaka kutoka ndani. Moto ulitoka juu kama ulimi, na mvua inaunyeshea. Watu wakarukia huku na huku. Nikageuka kumtafuta Chepngetich. Alikuwa amepiga magoti kwa matope, anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu.

Karibu na hapo anakaa Akeyo, mama wa kutoka upande wa ziwa, anayekaanga samaki chini ya kibanda cha mabati. Watu wanapenda mkosaji wa karibu. Mtu mmoja akaanza kusema ni cheche za Akeyo.

"Cheche zangu?" Akeyo akasimama na kijiko chake kirefu. "Jiko langu ndio hili, sufuria ndio hii. Ama samaki wangu wametembea na kiberiti mpaka ndani ya gunia lenu? Samaki hana hata mfuko!"

Kicheko kikamwokoa. Lakini watu walipotawanyika alinivuta kando. "Mama Kiptum, usinikasirikie. Angalia mtoto wako. Alianza kutetemeka kabla ya gunia kuwaka. Mimi nilikuwa namwangalia."

Nilimkasirikia. Nikamwambia aangalie mafuta yake. Tulipokuwa tunapanda barabara tulipita gari jeupe limesimama kando, vioo vimefungwa. Nikadhani ni watu wa mbolea. Chepngetich alivuta skafu ikafunika uso wote, nami nikadhani ni baridi.

*

Maneno ya Akeyo yaliingia kwangu kama mwiba mdogo ule hauonekani lakini ukikanyaga unausikia. Nikaanza kumchunguza mjukuu wangu. Nikawa namwamkua na huku naangalia vidole vyake. Nikimtuma kisimani, natazama nyasi alizokanyaga.

Halafu siku moja mchana nilikuwa mlangoni pa jiko natoa mawe kwa maharagwe. Yeye alikuwa ndani, amekaa karibu na moto kama kawaida. Nikaona moto wangu unalala. Hakuna aliyeugusa. Uliinama, ukawa mdogo, ukawa samawati, kama mtu ameunyonya na mrija. Chepngetich alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu yake, meno yanagongana. Na kule nje nikasikia ng'ombe wakilia. Fungu la nepia nililokata asubuhi hiyo, likiwa na umande, lilikuwa linawaka kando ya boma.

Tuliuzima kwa maji ya ng'ombe. Nilipomaliza, nikarudi jikoni na ndoo tupu mkononi.

"Nina fumbo," nikamwambia.

"Kogo, sio sasa."

"Ni sasa. Nani anakaa jikoni na anachoma nje?"

Akaniangalia mpaka machozi yakamtoka. "Sio mimi. Kila moto ukiwaka, mimi nasikia baridi. Ni hivyo tu. Nasikia ikitoka."

"Nini inatoka?"

Alikuwa anaangalia nje ya dirisha, barabarani. Na mimi nilisikia maneno yake kama mtu anayekubali makosa. *Nasikia ikitoka.* Basi inatoka kwake. Nilimpenda, na nikatamani kukaa mbali naye, yote mawili kwa moyo mmoja.

Habari ilienda haraka. Wanawake waliokuwa wanachuna karibu nasi wakahamia mistari ya mbali. Kanisani benchi letu likapata nafasi. Mageto alinipimia majani bila utani hata mmoja, na hapo ndipo nilijua mambo yameharibika.

*

Mgeni alikuja akiwa na lile gari jeupe. Kijana mrefu, nadhifu, viatu visivyoogopa matope. Mimi nilikuwa na sweta na leso mbili. Yeye alikuwa na shati nyepesi, mikono imekunjwa, na paji la uso limekauka kama ni mwezi wa pili.

"Shosho, hujambo?"

Huku kwetu nyanya ni kogo; mtu akiniita shosho najua ametoka mbali. Lakini nilimkaribisha. Akasema jina lake ni Hezekiah, ametumwa na ile kampuni kuangalia afya ya vijana waliofanya kazi kwao. Aliongea polepole, kwa heshima, akaniuliza habari ya magoti yangu. Sauti yake ilipofika jikoni, nilimsikia Chepngetich akisogeza kiti, akaenda mpaka ukutani.

"Nimesikia kuna mioto," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kila mahali, Shosho." Akatabasamu. "Sio makosa yake. Dawa imebaki mwilini. Akiwa na hofu, vitu vinawaka. Watu wakijua watamdhuru, na wewe unajua watu."

"Mbona anatetemeka?"

"Ni moto ukitoka ndani. Ni kama homa tu."

Ilikuwa na maana. Kila alichosema kiliingia mahali pake kama kifuniko kwa kibuyu, na labda hiyo ndiyo ingenitia shaka zaidi. Lakini mtu akiwa na hofu anapenda jibu linalofunga vizuri.

Sisi mgeni hatumwachi aende na kinywa kikavu. Nikachukua kibuyu, nikakitikisa, nikammiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho kifuani akiongea, hakunywa. Jikoni kikombe kilianguka kikavunjika.

"Unaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Ananiogopa kwa sababu namjua. Shosho, moto wa jikoni unamlisha. Uzime leo. Leo hii. Kesho asubuhi nitakuja nimpeleke mahali atatibiwa."

"Huo moto ni wa mama mkwe wangu."

"Basi chagua," akasema, bado kwa heshima. Akapiga funda moja, akaweka kikombe juu ya stuli, akaenda.

Niliingia jikoni na ndoo. Chepngetich aliposhtuka akanishika sketi kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo.

"Kogo, usizime. Tafadhali. Huo ndio unanisaidia."

"Unakulisha," nikasema. Yalikuwa maneno ya mgeni, lakini yalitoka kinywani mwangu.

Nikamwaga. Jivu liliruka mpaka kwa nyusi zangu. Moto ulilia kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri ungelia, na baada ya hapo jiko langu likawa chumba tu chenye mawe matatu yaliyolowa. Nilitoka nje nikisema naenda kuosha vyombo, ili mtoto asione nalia.

*

Sasa nisikilizeni hapa.

Mursik ni maziwa tunayochemsha, tunaacha yapoe, tunatia kwa kibuyu kilichosuguliwa ndani na makaa ya mti wa senetwet, na tunaacha mpaka yagande vizuri. Yakiiva yanakuwa laini, ya kijivu kidogo, mazito kama uji. Unakunywa hivyo hivyo, baridi. Hakuna mtu anayeweka mursik kwa moto. Ukiipasha inakatika: maji ya kijani juu, mabonge chini kama yamekosana. Bibi arusi asiyefunzwa ndiye hufanya hivyo, na anachekwa mpaka azae.

Nilichukua kikombe cha mgeni nikimwage. Maziwa yalikuwa yamekatika. Maji juu, mabonge chini. Nikarudi kwa kibuyu, nikamimina kidogo kwa kikombe kingine: laini, safi. Nikashika tena kile cha mgeni. Hapo nje pumzi yangu ilikuwa inatoa moshi, na kikombe chake kilikuwa bado na joto.

Ni nani alipasha? Mgeni hakusimama, hakuenda jikoni, hakuwa na moto. Alikishika tu kwa mikono kwa sababu hapendi maziwa baridi. Alifanya bila kufikiria, kama mimi ninavyojikuna. Na wakati huo huo, jikoni, vidole vya mjukuu wangu vilishindwa kushika kikombe.

Mmoja anapata joto, mwingine anapata baridi. Yule wa jozi nyingine alikufa na baridi. Nililielewa lile neno siku ambayo lingenisaidia kidogo sana, maana hata sijaweka kikombe chini nikasikia kelele kutoka barabarani, na moshi mweusi wa mafuta ukapanda mahali pa kibanda cha Akeyo.

Nikakimbia jikoni. Chepngetich alikuwa ameanguka kati ya mawe yaliyolowa, mikono imenyooshwa mahali moto ulikuwa. Kwa nywele zake kulikuwa na ile barafu nyeupe inayochoma chai yetu mwezi wa kwanza. Niliita jina lake. Nilimlalia juu, nikamfunika na leso, nikamfunika na gunia la majani. Kwangu hakukuwa na joto la kutosha. Mwanamke mzee ana joto kiasi gani?

"Mama Kiptum!" Akeyo alikuwa ameingia kwa uwanja, uso umejaa masizi, kijiko mkononi. Alikuwa amekuja kupigana. "Toa huyo mtoto nje! Kibanda changu chote kimeenda! Toa yeye nimwone macho!"

Akafika mlangoni akamwona. Akainama, akashika mguu wa Chepngetich, akaurudisha chini polepole.

"Huyu amekufa?"

"Bado. Akeyo, moto uliochoma kibanda chako umetolewa kwake. Umeibiwa kwake. Aliyeuiba ni yule wa gari jeupe. Niletee makaa yako."

"Makaa gani?"

"Ya kibanda. Yanayowaka sasa hivi."

"Unataka makaa ya kibanda changu." Alinitazama kama ananipima nguo. "Yangu mimi. Yule ulimwambia aangalie mafuta yake."

"Ndio, wewe."

Mkono wake ulikuwa bado unakumbuka ule mguu, naona, kwa sababu aliufuta kwa gauni mara mbili. Kisha akakimbia. Alirudi na sufuria yake kubwa ya kukaangia, imejaa makaa mekundu, ameishika kwa vitambaa na anaimba matusi ya kwao njia yote. Tukaweka bati juu ya mawe yaliyolowa, tukamwaga makaa hapo, tukamburuta mtoto mpaka karibu. Jikoni kukanuka samaki. Kukaa kidogo ile barafu ikaanza kudondoka kwa nywele zake. Akafungua macho.

Ndipo niliuliza swali langu. "Kule kiwandani, ulikuwa unakaa wapi?"

"Chumba cha joto," akasema. "Yeye ndiye alikuwa na trei. Yeye anavuta, mimi navutwa. Mimi ni kisima tu, Kogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Na nilifikiri ukimjua utamfuata, akuchome."

"Anataka nini na wewe?"

"Akiwa mbali na mimi hawezi. Anataka watu wanifukuze ndio anibebe." Akasogelea makaa. "Nikiwa karibu na moto mkubwa ananiogopa. Kule walikuwa wanapima joto la chumba kila wakati. Walisema likizidi, anayevuta atapata kuliko anavyoweza kubeba, na akishaanza hawezi kufunga."

Akeyo aliniangalia. Mimi nilimwangalia Akeyo.

"Gunia langu la makaa halikuungua," akasema. "Lilikuwa kwa nyumba."

Makaa hayatoi moshi kama kuni. Tuliyaweka yote, tukayawasha kutoka kwa yale ya sufuria, lundo la kufika gotini. Yaliposhika vizuri tukayafunika na jivu la ndoo mbili, taratibu, kama unavyomfunika mtoto. Ukiingia jikoni ungeona jiko limekufa.

*

Asubuhi Hezekiah alikuja, na nyuma yake watu wengi, Mageto akiwa mbele na mkono wake umefungwa kitambaa. Walikuwa wamekubaliana. Ilionekana kwa vile hawakunisalimia.

"Mama," Mageto akasema akiangalia chini, "mwache aende na daktari. Tunakuomba vizuri."

Hezekiah alisimama kwa mlango wa jiko, akachungulia. Chepngetich alikuwa ameketi kando ya jivu, amefunikwa blanketi. Akeyo alikuwa kwa kona.

"Ulizima?" akauliza.

"Angalia mwenyewe."

Akaangalia lile jivu. Akaingia.

"Kaa kwanza," nikasema, nikampa kikombe cha mursik. "Kwangu mtu hachukui mtoto bila kujibu fumbo. Nina mtoto, nikimfunika analala, nikimfunua anakula."

"Shosho, sina wakati."

"Jibu tu."

"Sijui. Maiti?"

Kule nje mtu alicheka kidogo, halafu watu wakatazamana. Hakuna mtoto wa huku asiyejua jibu hilo.

"Umekosa. Jaribu lingine," nikasema. "Mmoja akiota moto, mwenzake anaganda. Ni nani na nani?"

Hapo tabasamu likatoka usoni mwake, na nikaona vile uso ulivyo bila hilo tabasamu. Aliweka macho kwa Chepngetich. "Simama. Twende."

"Siendi," Chepngetich akasema.

"Nitamchoma nyanya yako."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei. Watu mlangoni walisikia. Mageto akainua kichwa. Na nikasikia harufu ya nguo inayoungua, na ilikuwa leso yangu, begani. Chepngetich akaanza kutetemeka.

Nilikuwa na kijiti cha kuchochea moto chini ya sketi. Nikakichomoa, nikafagia jivu pembeni.

Lile lundo likafungua jicho moja jekundu. Joto lilinipiga uso nikarudi nyuma. Chepngetich akatupa blanketi, akaweka mikono yote miwili juu, karibu sana, na akaacha kutetemeka. Alimwangalia Hezekiah tu.

Makaa yakaanza kufifia. Moja baada ya jingine, kutoka kando kwenda katikati, mekundu yakawa meusi. Leso yangu ikazimika yenyewe. Kwa mkono wa Hezekiah mursik ikachemka, ikapanda, ikamwagika kwa vidole, na hakuachilia kikombe. Nadhani hangeweza. Alifungua mdomo aseme kitu. Ndani ya mdomo kulikuwa na mwanga, kama ule unaouona kwa tundu la boila.

"Funga," akamwambia Chepngetich. "Funga, funga, funga!"

"Sijawahi kuweza," Chepngetich akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unavuta."

Akakimbia. Watu walimpisha wakianguka mmoja juu ya mwingine. Aliingia moja kwa moja ndani ya chai yangu, na ukungu ulikuwa mzito, tukaona tu mwanga wa rangi ya chungwa ukienda chini kwa mstari, na mvuke ukipanda. Hatukusikia kelele. Halafu mwanga ukazimika.

Ukungu ulipoinuka tulienda kuangalia, mimi na Akeyo mbele, Mageto nyuma akiwa ameshika panga asilojua kutumia. Michai ilikuwa imeungua mstari mmoja, upana wa mtu, kutoka jikoni kwangu mpaka katikati ya shamba. Hapo katikati mstari uliisha. Hakukuwa na nguo, hakukuwa na mfupa. Hata jivu hatukuliona.

"Labda mvua imelibeba," Mageto akasema.

"Mvua gani?" Akeyo akamuuliza. "Haijanyesha leo."

Watu wengine walikuja baadaye kuchukua lile gari. Hawakuuliza mwenyewe aliko. Waliliangalia shamba langu kutoka barabarani, wakaandika kitu kwa simu, wakaenda.

*

Akeyo tulimjengea kibanda, na Mageto ndiye alipanda kupiga misumari, kwa mkono mmoja, akilia kila msumari. Moto wa jiko langu sasa ni wa Akeyo. Siuiti tena wa mama mkwe. Naufunika jioni, naufunua asubuhi, na kukiwa na unyevu bado unanuka samaki, na wajukuu wa mjini wanashika pua.

Ule mstari haujachipua. Nimewaambia wachunaji wasipite hapo.

Chepngetich ameachana na skafu. Mikono yake ina joto. Ukimsalimia asubuhi ya ukungu ni joto zuri, kama la mtu aliyekuwa ameshika kikombe cha chai. Mara nyingine nakumbuka kwamba makaa yale yalikuwa mengi, na yule kijana alikimbia kabla hayajaisha yote, na najiuliza yaliyobaki yaliingia wapi. Simuulizi. Nammiminia mursik, baridi, kutoka kwa kibuyu. Anakunywa anaacha kidogo chini, kama alivyofanya tangu utoto. Nachukua kikombe, naenda nacho nje kwa mwanga kabla ya kukiosha.

Juzi alinikuta.

"Kogo, kila siku unaangalia kikombe changu."

"Naangalia kama umeshiba."

Akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega, akainama naye aangalie. Tulitazama pamoja ndani ya kikombe. Maziwa yalikuwa laini.

"Kesho tena," akasema.

"Kesho tena," nikamwambia.